Kiti Kisizibe Mlango

Siku ya kwanza tulisaini fomu ya posho,
tukanywa chai ya tangawizi na maandazi mawili mawili
katika ukumbi wa parokia, Igombe,
ambao madirisha yake yanatazama ziwa,
na ziwa halikuwa na habari nasi.

Mwezeshaji akaandika neno moja kwenye karatasi kubwa: KIWEWE.
Mama Nyamizi, mkunga tangu enzi za vibatari,
akauliza, kwa Kisukuma tunaliitaje?
Tukatajiana maneno matano, sita.
Kila moja lilikuwa fupi upande mmoja
kama shuka la mgeni.

Tulikuwa kumi na wanane.
Wahudumu wa afya na mikoba yetu ya bluu,
afande Maduhu wa dawati la jinsia,
mwalimu wa nidhamu aliyeiacha fimbo yake kabatini kwa siku tatu,
na Mugasa, kijana wa mwaloni,
anayeitwa kila maji yanapomficha mtu.
Yeye alikaa nyuma. Hakugusa andazi.

Siku ya pili tukafundishwa kuhusu kiti.
Jambo dogo tu: usikiweke kati ya mtu na mlango.
Mwili uliowahi kufungiwa
huhesabu njia za kutokea
kabla haujaitikia salamu yako.

Wenzangu walicheka, nami nikacheka,
kisha kicheko kikanikwama kooni kama mwiba wa sato.
Nilimkumbuka Kwandu.

Mwezi wa nne mtumbwi wa mumewe ulirudi
ukivutwa na mtumbwi mwingine, ndani hamna mtu.
Wiki ya pili nilimfuata na daftari.
Nilisimama mlangoni, mwanga wote mgongoni mwangu,
nikauliza yaliyopigwa chapa:
Alitoka saa ngapi? Alikuwa amelewa?
Mlikuwa mmegombana?
Alijibu yote, macho kwenye viatu vyangu.
Nikaandika: Mteja ametoa ushirikiano.

Ushirikiano!
Nilikuwa nimeuziba mlango kwa makalio haya,
na yeye, mama wa watoto wanne,
akaniomba ruhusa ya kwenda msalani
nyumbani kwake mwenyewe.

Baada ya chakula Mugasa alinyoosha mkono.
"Mimi huwashika kwa nguo," alisema.
"Nikiona shati kwenye kamba, upepo umelijaza,
napita njia nyingine."
Hakuna aliyemwambia pole.
Afande Maduhu alivua kofia, akaipakata.
Nje mtu alikuwa akiwasha jenereta, haikuwaka,
akajaribu tena, haikuwaka.

Siku ya tatu tukapewa vyeti.
Jina langu limekosewa herufi moja.

Jumatatu nilipiga hodi nikiwa mbali, kule kwenye mawe,
ili sauti yangu itangulie na mimi nifuate.
Kwandu alikuwa ameinama juu ya dagaa.
Akanisukumia ndoo: "Kalia hiyo."
Niliigeuza, nikaiweka ubavuni,
mlango ukabaki wazi, na njia ya kwa jirani ikabaki wazi.

Tukageuza dagaa.
Hakusema neno juu ya maji.
Alisema chumvi imepanda bei.
Alisema kunguru wa mwaka huu hawana adabu.
Alisema, bila kuinua uso, kwamba mtoto wa tatu
ameanza tena kukojoa kitandani,
nami nilikuwa na ushauri tayari, wa siku tatu, wenye mhuri,
nikaumeza.
Mikono yetu ilinuka harufu moja.

Jua lilipolifikia lile jiwe kubwa nikasimama, nikaaga.
Ndipo akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu mwezi wa nne:
"Na wewe, siku hizi unalala?"

Nililikumbatia daftari.
Humo ndani swali hilo halina ukurasa.
Nikarudi kwenye ndoo, nikakaa.